Shimo Tulilolikatia Keki

Wiki iliyopita mliniacha ndani ya gari la mke wangu, mikono kwenye usukani, mkanda umefungwa vizuri, na gurudumu la mbele la kushoto likiendelea na safari peke yake kuteremka Cinder Lane.

Wapo walioniandikia kuniuliza kama niliumia. Asanteni. Kiliumia kiburi tu. Nimeendesha basi la Hebblethorpe maisha yangu yote ya kazi, milima yote hii ya Yorkshire, theluji na ukungu, na hakuna gurudumu langu lililowahi kuondoka bila ruhusa.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo ni haya. Naitwa Cedric Oldroyd, mstaafu. Mke wangu Noreen alikuwa hospitali akibadilishwa nyonga, nami nilikuwa nampelekea ndara zake. Lililonila ni shimo letu la mtaani, jina lake Beatrice. Na daktari wa macho alikuwa ameshaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, nisiguse usukani mpaka nipasuliwe.

Hilo la mwisho Noreen hakulijua. Ninyi mnalijua kwa sababu hamlali nami chumba kimoja.

Sasa, gurudumu. Lilipita kanisa. Likapita sanduku la posta. Likapunguza mwendo kwenye kona, naapa, kama lililofundishwa na mimi mwenyewe, kisha likaingia kwenye kiwanja cha nyasi ambako wazee wenzangu huviringisha mipira yao. Likaugonga mpira wa Ronnie Sugden, na mpira ukaenda kukaa pale pale unapotakiwa.

Ronnie alishinda mchezo. Mpaka leo hajanishukuru.

Huyu Ronnie ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Anafuga njiwa wa mashindano, na ana gari la njano la kuwabebea, ambalo huliegesha mbele ya geti la kanisa tangu enzi ambazo hata mchungaji hazikumbuki. Likumbukeni gari hilo.

Fundi wa gereji alilala chini ya gari la Noreen muda mrefu nikadhani amesinzia. Akatoka.

"Mzee, rimu imekwisha. Springi imekatika. Ekseli imepinda."

"Na habari njema?"

"Redio inafanya kazi."

Akanitajia bei. Nikaketi juu ya tairi.

*

Noreen alirudi nyumbani kwa gari la wagonjwa, magongo mawili, uso umenawiri kama aliyetoka likizo. Akasimama getini. Akatazama uani.

"Cedric. Gari langu limekalia matofali."

"Linapumzika, mpenzi."

"Cedric."

"Ni Beatrice."

Hakupiga kelele. Noreen akikasirika hushusha sauti, na mimi huanza kutafuta kofia yangu.

"Beatrice? Wewe? Dereva wa basi? Ulikosaje kumwona?"

"Mvua ilikuwa imenyesha. Amejaa maji mpaka juu. Barabara yote inang'aa kama kioo."

Jua lilikuwa linawaka siku ile. Beatrice alikuwa mkavu kama biskuti. Lakini mwongo huanza na hali ya hewa, kwa sababu mwanamke aliyelazwa wodini hana habari ya mvua ya kijijini kwake.

Akaniangalia kidogo. Kisha akasema jambo lililoninyima raha kuanzia dakika ile hadi ninapoandika.

"Mazoezi yanaanza Jumatatu. Kwenye bwawa, huko mjini. Jumatatu na Ijumaa. Daktari amesema nisipokwenda nyonga itaganda, nitabaki na gongo mpaka nizikwe nalo. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mume wangu ni dereva."

Mume wangu ni dereva!

Basi letu, lile lile nililoliendesha, siku hizi hupanda mlima Alhamisi tu, na hiyo ni kama dereva akikumbuka. Teksi zimekataa Cinder Lane tangu Beatrice atimize mwaka. Gari la Ronnie kiti chake kiko juu kama dari, nyonga mpya haikipandi, na ndani yake unatoka umevaa manyoya. Binti yetu anaishi Kanada.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa moja. Noreen ili atembee anahitaji gari, na gari linahitaji dereva, na dereva ni mimi.

"Halmashauri italipa," nikamwambia. "Barabara ni yao. Shimo ni lao. Fidia ni yetu."

"Una uhakika?"

"Noreen, shimo lenyewe lina umri wa kuanza shule!"

*

Niwaeleze Beatrice, maana wengine mnadhani natia chumvi. Natia, lakini kidogo.

Alianza akiwa na ukubwa wa kisosi. Baridi ya kwanza ikamfanya sahani. Baridi ya pili ikamfanya beseni la kufulia. Mtu akamtumbukizia bata wa mpira wa watoto, kwa utani, na wiki hiyo hiyo wakaja bata wa kweli wawili wakamfukuza yule wa mpira wakakaa wao. Tukampa jina la mama mkwe wa Ronnie, kwa kuwa naye haepukiki hata upite upande gani.

Alipotimiza mwaka tukamfanyia sherehe. Alipotimiza wa pili tukamfanyia kubwa zaidi. Bendera ndogo ndogo kutoka nguzo hadi nguzo, birika la chai la kanisa, kofia za karatasi. Noreen alioka keki ya limau yenye tundu katikati. Tukaimba. Akina sisi ndivyo tulivyo: tukichoshwa na jambo hatuendi kugombana na mtu, tunaliandalia chai.

Sasa nikapiga simu halmashauri. Nikasikilizishwa muziki nikaupenda, ukakatwa, akaja kijana mwenye mafua.

"Pole sana, Bwana Oldroyd. Tumeangalia. Halmashauri haina taarifa yoyote ya shimo Cinder Lane."

"Haina nini?"

"Taarifa. Hakuna aliyeripoti. Na kama hatukujua, na mkaguzi wetu alipita kwa zamu yake hakuona, basi hatuna makosa. Na kama hatuna makosa, hatulipi."

"Kijana, hilo shimo lina jina!"

"Kwetu halina, mzee."

Nikaenda baa. Baa yetu inaitwa Kondoo Dume, na mchana ule walikuwa wamejaa, kwa sababu nje palikuwa na baridi na ndani palikuwa na pai.

"Jamani," nikasema, "nani aliripoti Beatrice?"

Vijiko vikasimama.

"Si wewe?" akauliza Ronnie.

"Mimi? Mimi nilijua ni wewe."

"Mimi nilileta bendera! Aliyeripoti ni mwenye baa."

Mwenye baa akaacha kufuta bilauri. "Ala! Mimi nilisikia mchungaji ameandika."

Mchungaji, aliyekuwa kwenye kona na supu yake, akasafisha koo. "Mimi nilimwombea."

"Ulimwombea nani?"

"Beatrice. Mara kadhaa. Apone."

Miaka miwili, wasomaji wangu! Tumelalamika ukutani, tumelalamika dukani, tumelalamika kwenye mazishi jeneza likiwa bado juu. Tumelalamika kwa kila kiumbe kilicho na masikio, isipokuwa yule mmoja mwenye kazi ya kuziba mashimo. Kila mmoja alikuwa na hakika jirani yake ameshapeleka habari, na ingekuwa utovu wa adabu kumuuliza.

Nikakaa kichwa mikononi. Jumatatu ilikuwa inakuja na nyonga yake.

Ndipo Ronnie akapiga meza.

"Picha!"

"Picha gani?"

"Ya gazetini, bwana we! Sherehe ya pili. Nani alikata keki?"

Nikainua kichwa. Polepole nikaanza kutabasamu. Keki ilikatwa na Diwani Marjorie Hepworth, mkufu wa udiwani shingoni, mdomo umejaa limau. Na Diwani Marjorie Hepworth, kila mtu anajua, anakaa kwenye kamati ya barabara.

"Halmashauri ilijua," nikanong'ona.

"Halmashauri iliomba kipande cha pili," akasema Ronnie.

*

Nikapeleka picha mwenyewe, Alhamisi, kwa basi. Yule kijana wa mafua aliitazama, akaenda nayo ndani, na huko ndani nikasikia mtu akisema neno ambalo si la ofisini.

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyetunukiwa nishani. Noreen alinichemshia chai, akanikatia pai nene kuliko ya kawaida.

"Wakati mwingine una akili," akasema.

"Wakati mwingine."

"Nilidhani utaharibu mambo."

"Mimi?"

Usiku wote sikulala. Nilitakiwa nifurahi, lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na sikukijua jina. Najiuliza: nimesahau nini? Picha imefika. Shimo lipo. Diwani yupo. Kumbe jibu lilikuwa ndani ya ile picha, mstari wa mbele, limevaa kofia ya karatasi ya kijani.

Ijumaa asubuhi akaja Bi Threlfall.

Anachunguza madai kwa niaba ya halmashauri. Mwanamke mfupi, buti za mpira, koti lenye mistari inayong'aa, anatafuna peremende kama anayeiadhibu. Nilimpokea barabarani, kando ya Beatrice. Noreen alifungua dirisha la sebuleni, akavuta kiti, akaketi kusikiliza. Ronnie naye akajikuta ana kazi ya haraka ya kukatia ua wake.

Bi Threlfall akachuchumaa. Akateremsha tepu ya kupimia. Akaiangalia. Akateremsha tena.

"Hili ni kubwa," akasema.

"Anaitwa Beatrice."

"Nimesikia." Akainuka. Akatoa ile picha. "Bwana Oldroyd, picha hii ni nzuri. Nisikufiche. Imewatia joto watu ofisini. Diwani anasema alidhani ni sherehe ya mtoto."

Kutoka dirishani Noreen akacheka. Ronnie akakata ua lisilostahili.

"Kwa hiyo mtalipa?"

"Nina maswali mawili matatu tu. Huyu aliyepiga magoti mbele, anapuliza mishumaa, ni nani?"

Nikaona fahari. "Ni mimi huyo."

"Unapuliza mishumaa ya nani?"

"Ya Beatrice."

"Anatimiza miaka?"

"Miwili."

"Na mwaka wa kwanza ulikuwepo?"

"Nilikuwepo? Mimi ndiye niliyeimbisha!"

Bi Threlfall akahamisha peremende kutoka shavu moja kwenda jingine. Na hapo, wasomaji wangu, kile kitu cha usiku kikajitambulisha.

"Basi ulikuwa unalijua shimo hili," akasema. "Unalijua jina. Unalijua umri. Umelipigia magoti. Kuliko mtu yeyote wa halmashauri, wewe unajua lilipo. Hebu niambie, mzee wangu: kwa nini uliliendea moja kwa moja?"

Ronnie akaacha mkasi hewani.

"Mvua," nikasema. "Maji..."

"Siku ile haikunyesha. Nimeangalia."

Sikuthubutu kutazama dirishani. Nilisikia tu kiti kikisogezwa.

"Labda ulikuwa unampisha mtu," akasema Bi Threlfall. Alisema kwa huruma, kama anayenitupia kamba. "Gari lingine lilikuja?"

"Hapana."

"Jua la machoni?"

"Lilikuwa mgongoni."

"Basi, Bwana Oldroyd, ni moja kati ya mawili. Ama uliliona ukalikanyaga kwa kusudi, na hapo hatulipi hata senti. Ama hukuliona."

"Sikuliona!" nikaruka. "Andika hivyo. Sikuliona kabisa."

"Hukuliona."

"Hata kidogo!"

"Mchana kweupe. Shimo la ukubwa wa beseni la kuogea. Mbele ya nyumba yako."

Wasomaji, nimewahi kulitelezesha basi lenye abiria hadi ukingoni mwa bonde, magurudumu mawili yananing'inia, mama mmoja nyuma anaendelea kufuma soksi. Sikuogopa kama nilivyoogopa pale. Maana sasa niliona mtego wote, mzima, pande zake zote. Nikisema niliona, Noreen hana gari. Nikisema sikuona, Noreen hana dereva.

"Macho yako yakoje?" akauliza.

"Ya tai."

"Ulipimwa lini?"

"Juzi juzi. Daktari alishangaa."

Na hilo si uongo. Alishangaa kweli.

"Vizuri. Sheria unaijua, wewe umekuwa dereva: mita ishirini, usome namba ya gari." Akatupa macho barabarani, akanyoosha mkono kuelekea kanisani. "Tuseme lile pale, mbele ya geti. Hapa mpaka pale ni kama mita ishirini. Nisomee, nikaandike kwamba macho hayana tatizo, halafu tutafute sababu nyingine. Mimi nataka kukusaidia, mzee."

Nikatazama. Mbele ya geti la kanisa palikuwa na kitu cha njano.

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Kitu cha njano, mbele ya geti la kanisa! Gari la Ronnie! Mungu ambariki Ronnie na njiwa wake wote! Namba ile naijua kuliko siku ya kuzaliwa ya binti yangu. Nimeiona kila asubuhi nikifungua mapazia, enzi macho yangu yalipokuwa macho.

Nikajifanya kukunja uso kidogo, ili isionekane rahisi mno. Nikaisoma. Herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, sauti ya kondakta. Nilipomaliza nikaona haitoshi.

"Na chini yake," nikaongeza, "kuna kibandiko cha chama cha njiwa. Kimechanika pembe ya kulia."

Nilingoja nisifiwe. Sikusikia kitu ila peremende.

"Cedric," akasema Ronnie, taratibu sana, kama anayemwamsha mgonjwa. "Gari langu liko nyuma ya nyumba."

"Nyuma ya nini?"

"Nimelihamisha asubuhi. Waliniomba. Wapate pa kusimama."

"Kina nani?"

"Cedric... hilo ni lori."

Nikatazama tena. Kitu cha njano.

"Lori la lami," akasema Ronnie. "La halmashauri. Wamekuja kumziba Beatrice. Lina mitungi ya gesi, lina taa juu zinazunguka. Wako watu watano wamesimama kando yake wanakunywa chai. Mmoja amekupungia mkono tangu ulipotoka."

Miaka miwili mtaa mzima tunalisubiri lori lile. Tumeliimbia. Mchungaji ameliombea. Limekuja kwa sababu mimi, kwa kudai fidia yangu, ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kuripoti. Na mtu mmoja tu Cinder Lane nzima hakuliona limefika.

Bi Threlfall hakunicheka. Afadhali angenicheka.

"Mzee," akasema mwishowe, "siku ile, ungekuwa na mtu mbele yako barabarani..."

Hakumaliza. Na mimi sikutaka amalize, kwa sababu swali hilo hilo limekuwa likinisubiri kitandani kila nikizima taa, nami huligeuzia mgongo. Ajali ilikuwa asubuhi, na saa zile watoto wa shule huvuka hapo kwenye geti la kanisa. Niliwabeba wazazi wao kwenye basi.

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Nikasikia gongo, kisha gongo la pili, kisha pumzi.

"Usishuke ngazi, Noreen!" nikapiga kelele. "Nyonga!"

"Nyonga ni yangu."

Akateremka. Ngazi moja, akapumzika. Ngazi nyingine. Akasimama kwenye njia ya bustani, mbali kiasi. Niliona umbo lake, gauni lake la buluu, weupe wa nywele zake. Nilimtazama usoni nikashindwa kujua analia au anacheka.

Miaka yote ile ya ndoa, jama, na sikujua.

"Cedric," akasema, na sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Daktari wa macho alikwambia nini?"

"Nisafishe miwani."

"Cedric."

"Alisema... mambo ya uzee. Ya kawaida."

Akaegemea gongo moja. Akainua mkono wa pili juu, mbele yake, ngumi imefumba kidogo, kama anayenionyesha kitu.

"Nimeshika nini?"

Ronnie aliweka mkasi chini. Bi Threlfall aliacha kutafuna.

Nikakaza macho mpaka yakatoa machozi. Mkono niliuona. Kilichomo ndani yake sikukiona. Nikafikiri haraka, kama nifikirivyo siku zote nikibanwa. Amekasirika, ametoka kwa ghafla, anazungumzia udereva. Mwanamke wa namna hiyo anashika nini? Funguo! Ameziondoa kwenye msumari wa jikoni aje aninyang'anye mbele ya watu.

Ningeweza kusema sijui. Neno dogo tu. Nililiweka ulimini, nikalionja, nikaliona chungu.

"Funguo za gari," nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote.

Noreen alifungua vidole vyote vitano.

"Mkono mtupu, Cedric."

Upepo ulipita. Mmoja wa wale wa lori akacheka jambo lake mwenyewe, mbali.

"Ulikuja kuniona hospitali siku moja kabla ya ajali," akasema Noreen. "Ukanibusu paji la uso. Ukambusu na mama wa kitanda cha pili. Nilidhani unafanya mizaha yako."

Sikumbuki kumbusu mama wa kitanda cha pili. Nilikumbuka kumbusu Noreen mara mbili.

Nikafungua mdomo. Noreen akauinua ule ule mkono mtupu, safari hii kiganja mbele, kama askari wa barabarani, nami nikaufunga. Kisha akageuka, magongo yakagonga mawe ya njia, akamwelekea Bi Threlfall.

"Mwanangu," akamwambia, "gari ni langu. Kwa hiyo madai ni yangu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Bi Oldroyd. Kisheria ni yako."

"Basi toa kalamu. Cha kuandika nitakwambia mimi."

"Noreen," nikasema. "Jumatatu. Bwawa. Nyonga yako."

"Najua nyonga yangu iko wapi."

"Utafikaje?"

Hakugeuka. Alimsogelea Bi Threlfall mpaka vichwa vyao vikakaribiana, na akaanza kusema.

Wakati huo huo lori likawashwa. Likaanza kurudi nyuma kumfuata Beatrice, pii, pii, pii, taa zake zikizunguka, hizo sasa niliziona, maana zilikuwa karibu kunikanyaga. Ronnie akanivuta kwa mkono wa koti akanisimamisha ukingoni. Lami ikaanza kumwagwa, moto, harufu yake ikanijaa puani, na bata wawili wakaruka wakapita juu ya vichwa vyetu.

"Anasema nini?" nikamuuliza Ronnie. "Ronnie! Wewe una macho. Midomo yake inasema nini?"

"Sijui, Cedric. Lakini anakunyooshea kidole."

"Mimi?"

"Wewe. Na yule mama ametikisa kichwa."

"Ametikisa vipi? Kwa ndiyo au kwa hapana?"

Pii, pii, pii.

"Ronnie! Kwa ndiyo au kwa hapana?"

Ronnie alikuwa bado anatazama. Kisha akavua kofia yake, jambo ambalo hulifanya kanisani tu, na kwa njiwa waliokufa.

"Yule mama anaandika," akasema.